Diklofenaki ndani ya ini: jinsi ya kupanga dozi na kukagua dawa nyingine kabla ya kuitoa

Diklofenaki hutolewa haraka mno. Mtu anataja mgongo, goti au jino, na karatasi ya vidonge kumi inakatwa. Swali linaloulizwa, likiulizwa, ni moja tu: una vidonda vya tumbo? Swali hilo ni la lazima lakini halitoshi. Karibu dawa yote hii lazima ivunjwe na vimeng'enya vya ini ndipo itoke mwilini, na vimeng'enya hivyohivyo vinahudumia dawa za fangasi, za kifua kikuu, za kuzuia damu kuganda na nyingine nyingi. Ukijua ini linafanya nini na kidonge hiki, utajua cha kuuliza, dozi ya kutoa, na wakati wa kusema hapana.

Mwongozo huu ni wa mfamasia, mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, tabibu na muuguzi. Mgonjwa anayeitumia kwa wiki nyingi naye atapata humu mambo ya kuuliza.

Kidonge kikimezwa

Vidonge vingi vya diklofenaki sodiamu vina gamba lisiloyeyuka kwenye asidi ya tumbo. Gamba hufunguka kwenye utumbo mdogo, na dawa hufika kilele ndani ya damu baada ya saa 2 hivi. Mtu akimeza akiwa ameshiba, kilele huchelewa zaidi, ingawa kiasi kinachoingia hakipungui sana. Diklofenaki potasiamu haina gamba hilo, na kilele chake huja ndani ya saa 1 au pungufu. Soma boksi ujue umeshika ipi, kisha mweleze mgonjwa. Kosa la kawaida ni mtu kumeza chenye gamba, kusubiri nusu saa, kuona maumivu yako palepale na kumeza cha pili. Vyote viwili vitafunguka baadaye, kimoja juu ya kingine. Na kidonge chenye gamba hakivunjwi, hakisagwi, hakitafunwi.

Damu inayotoka utumboni haiendi mwilini moja kwa moja. Inapita kwanza kwenye ini, na hapo karibu nusu ya diklofenaki iliyomezwa inavunjwa kabla hata haijakifikia kiungo kinachouma. Sindano ya msuli inakwepa kituo hicho cha kwanza. Kwa hiyo sindano ya 75 mg huupa mwili jumla ya dawa karibu mara 2 ya ile inayotoka kwenye kidonge cha 75 mg. Jambo hili halizingatiwi vya kutosha, na tutalirudia kwenye dozi.

Ikishaingia kwenye mzunguko, zaidi ya asilimia 99 ya dawa hushikana na protini ya albumini, na kiasi kilichomo ndani ya damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 1 hadi 2. Aliyemeza 50 mg saa 2 asubuhi akafika kilele saa 4, ikifika saa 12 jioni hata sehemu moja ya kumi ya kilele kile haimo tena kwenye damu yake. Lakini nafuu ya goti haiishi kwa mwendo huo. Dawa huingia polepole kwenye majimaji ya kiungo na kutoka polepole, na kwa saa nyingi, hadi 12 hivi, kiasi kilichomo kwenye kiungo huwa juu ya kile cha damu. Hiyo ndiyo sababu mara 2 au 3 kwa siku zinatosha. Anayemeza kila saa 4 kwa kuwa "dawa imeshaisha nguvu" hapati nafuu ya ziada ya maana. Anachoongeza ni mzigo wa ini, figo na utumbo.

Kinachotokea ndani ya ini

Molekuli ya diklofenaki ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa na atomu ya naitrojeni. Pete moja imebeba klorini mbili, nyingine imebeba mkia wenye asidi. Ini huishughulikia kwa njia mbili kuu: kupachika oksijeni kwenye pete, na kubandika sukari yenye asidi kwenye mkia.

Anayeongoza kupachika oksijeni ni CYP2C9, kimeng'enya cha ukoo wa saitokromu P450. Huipachika kwenye pete ya klorini, nafasi ya 4', sehemu inayotazamana na naitrojeni. Zao lake, 4'-hidroksidiklofenaki, ndilo kubwa kuliko yote: asilimia 20 hadi 30 ya dozi hutoka kwenye mkojo kwa umbo hilo, na asilimia 10 hadi 20 kwenye nyongo. Nguvu yake ya kutuliza maumivu ni ndogo sana. CYP3A4 hufanya kazi kama hiyo kwenye pete ya pili, nafasi ya 5, nayo pia inatazamana na naitrojeni.

Anayebandika ni UGT2B7. Huunganisha asidi ya glukuroniki na mkia wa dawa ili molekuli iyeyuke kwenye maji na kusukumwa kwenye nyongo au mkojo. Kisha kuna CYP2C8, ambacho kinaweza kupachika oksijeni hata kwenye molekuli iliyokwisha kubandikwa. Njia hizi zimefumana, na kufumana huko kuna faida: moja ikizibwa, nyingine huchukua sehemu ya kazi. Mwisho wa yote, karibu theluthi mbili za dozi hutoka kwa mkojo na theluthi moja kwa nyongo, na kinachotoka bila kubadilishwa ni kidogo mno.

Sasa pale panapoharibika. Nafasi ya 4' na ya 5 zote zinatazamana na naitrojeni, na kwa sababu hiyo mazao yake yanaweza kupoteza elektroni na kugeuka kwinoni imini, molekuli kali inayojibandika kwenye chochote kilicho karibu. Kwa kawaida glutathioni, kemikali ya kujikinga iliyomo ndani ya ini, huiwahi na kuizima. Glutathioni ikiwa pungufu, au kwinoni imini zikitengenezwa kwa wingi, hujibandika kwenye protini za chembe ya ini yenyewe. Kwa watu wachache, kinga ya mwili huziona protini hizo kuwa ngeni na kuanza kulishambulia ini. Ndiyo maana madhara ya ini yanayotokana na diklofenaki hayaji siku ya kwanza. Mara nyingi hujitokeza kati ya mwezi wa 2 na wa 6, ingawa yanaweza kuja ndani ya wiki au baada ya mwaka.

Ile molekuli iliyobandikwa asidi ya glukuroniki, yaani glukuronidi, nayo haijatulia. Inaweza kujigeuza na kung'ang'ania protini kwenye vijia vya nyongo inakopita. Ikimwagwa utumboni, bakteria huikata na kuachia diklofenaki huru palepale kwenye ukuta wa utumbo mdogo. Kwa hiyo omeprazoli inayotolewa pamoja na diklofenaki hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo, lakini haiufikii utumbo wa chini. Mgonjwa anayekunywa omeprazoli kila siku na bado damu inapungua bila sababu, usimwondolee diklofenaki kwenye orodha ya washukiwa.

Ukitaka kuona kinachotokea kwa kiumbe asiyeweza kuiondoa dawa hii, tazama tumbusi. Huko India, Pakistan na Nepal, tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki walikufa kwa figo kushindwa kazi, na kwa tumbusi wa mgongo mweupe wa huko zaidi ya asilimia 95 walitoweka. Sababu ilibainishwa mwaka 2004, na India ikapiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006. Majaribio ya Afrika Kusini yameonyesha kwamba tumbusi wa Afrika wa jenasi hiyohiyo nao hawaivumilii. Mfugaji akija dukani kuomba sindano ya diklofenaki ya binadamu kwa ajili ya ng'ombe anayechechemea, usimpe. Mwelekeze kwa daktari wa mifugo amwandikie meloksikamu, ambayo tumbusi wanaivumilia.

Kupanga dozi

Kwa mtu mzima, kiwango cha juu ni 150 mg kwa siku kwa njia zote zikijumlishwa: vidonge, sindano na vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa. Watu wengi wanapata nafuu kwa 50 mg mara 2. Anza hapo, kwa siku 3 hadi 5, ndipo uangalie. Wanaofika 150 mg wawe wamefika kwa sababu, si kwa mazoea.

Sindano ya msuli ni 75 mg, mara 1 kwa siku, ndani kabisa ya robo ya juu ya nje ya tako. Maumivu yakiwa makali sana zinaweza kuwa 2, upande tofauti, zikipishana saa kadhaa. Isizidi siku 2. Mazoea ya vituo vingi ni kuchoma sindano kisha kumpa mgonjwa vidonge 3 vya 50 mg aanze leoleo. Piga hesabu: 75 na 150 ni 225 mg, tayari amepita kikomo. Na ukikumbuka kwamba sindano haikupunguzwa na ini, damu yake inaona dawa sawa na aliyemeza 300 mg. Aliyechomwa asubuhi apewe kidonge kimoja cha 50 mg usiku kama bado anaumwa, na ratiba ya vidonge ianze kesho yake. Mtu anayeweza kumeza na asiyetapika, mara nyingi hahitaji sindano kabisa.

Kwa goti au kifundo cha mkono, jeli ya asilimia 1 inastahili kutumika zaidi ya inavyotumika sasa. Gramu 4 kwenye goti, mara 4 kwa siku, au gramu 2 kwa mkono au kiwiko, huingiza kwenye damu takriban asilimia 6 tu ya dawa ambayo vidonge 3 vya 50 mg vingeingiza. Ini karibu haliguswi. Watu wanasema jeli haifanyi kazi kwa sababu wanapaka kidoa cha ukubwa wa punje, mara moja, usiku. Waambie wapake ya kutosha kuzunguka goti lote, waache dakika 10 kabla ya kuvaa nguo, na wasiioge kwa saa 1.

Angalia pia vidonge vya mchanganyiko. Maduka yetu yamejaa vidonge vyenye diklofenaki 50 mg na parasetamoli 500 mg pamoja, vingine vikiwa na dawa ya kulegeza misuli juu yake. Mgonjwa hajui kwamba ndani mna parasetamoli. Anakunywa 3 kwa siku, kisha homa ikimpata anaongeza parasetamoli mbilimbili mara 4. Jumla inafika 5.5 g wakati kikomo cha mtu mzima ni 4 g. Parasetamoli ikizidi nayo humaliza glutathioni, ileile inayozima kwinoni imini za diklofenaki. Andika kwenye bahasha ya dawa, kwa kalamu, "ina parasetamoli ndani".

Kukagua dawa nyingine

Hapa ndipo maswali ya kaunta yanapookoa watu. Usiulize "unatumia dawa nyingine?" kwa sauti mbele ya foleni. Wengi watasema hapana. Msogeze pembeni, umwulize kwa upole: "Mama, samahani, kuna dawa yoyote unayokunywa kila siku, hata ile ya kliniki? Na wiki hii umemeza chochote cha fangasi, cha kifua au cha mitishamba?" Anayekunywa dawa za CTC, kliniki ya VVU, atajibu akiona kwamba jibu lake halisikiwi na jirani yake.

Dawa za fangasi ziulize kwanza. Flukonazoli huziba CYP2C9, na kwa kiasi fulani CYP3A4 pia. Vorikonazoli vivyo hivyo, na kipimo chake kinajulikana: ikitolewa pamoja na diklofenaki, kilele cha diklofenaki kwenye damu hupanda kwa asilimia 114 na jumla yake kwa asilimia 78. Kwa ndugu za diklofenaki wanaotegemea zaidi CYP2C9, flukonazoli imepimwa: ibuprofeni ya umbo lenye nguvu huongezeka kwa asilimia 82, na selekoksibu zaidi ya mara 2. Anayetibiwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka kwa flukonazoli nyingi kila siku asipewe diklofenaki ya kumeza. Parasetamoli ndiyo yake. Hata aliyemeza kapsuli moja ya 150 mg kwa fangasi ya ukeni, athari kwenye kimeng'enya hubaki siku 4 hadi 5 kwa sababu flukonazoli hutoka mwilini taratibu. Siku hizo akihitaji diklofenaki, isizidi 50 mg mara 2, au apake jeli.

Kotrimoksazoli inasahaulika kwa sababu imezoeleka. Sulfamethoksazoli iliyomo ndani yake huziba CYP2C9 kidogo, na trimethoprimu huziba CYP2C8, yaani njia kuu na njia ya pembeni kwa mara moja. Hilo peke yake si kubwa. Kubwa zaidi ni potasiamu ya damu: trimethoprimu huipandisha, diklofenaki huipandisha, na mzee mwenye figo dhaifu au anayekunywa enalaprili ya shinikizo la damu anaweza kufikia kiwango cha kusimamisha moyo bila dalili ya kumwonya.

Rifampisini inafanya kinyume. Inaliamrisha ini kutengeneza CYP2C9, CYP3A4 na UGT kwa wingi zaidi, na diklofenaki inavunjwa kabla haijafanya kazi. Hali hiyo hujijenga kwa wiki 2 hivi tangu dawa za kifua kikuu zianze, na huchukua tena wiki 2 hivi kuisha baada ya kuziacha. Kinachoharibika hapa ni uamuzi: mgonjwa haoni nafuu, dozi inaongezwa mara mbili, na ini lenye isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini linabebeshwa zao jingine kali. Dozi isiongezwe kwa sababu hiyo. Badilisha dawa.

Kwa wanaotumia dawa za VVU za tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, tatizo haliko kwenye ini. Dolutegraviri haigusi CYP2C9. Lakini tenofoviri hutoka kwa figo na inaweza kuziumiza, na kumekuwa na taarifa za figo kushindwa ghafla kwa waliotumia tenofoviri pamoja na dawa za aina ya diklofenaki kwa dozi kubwa au zaidi ya moja. Siku 2 au 3 kwa mtu mwenye kreatinini nzuri (kipimo cha kazi ya figo) zinavumilika. Wiki 3 hazikubaliki.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutumia CYP2C9, lakini usipoteze muda kubishana kuhusu kimeng'enya: diklofenaki hujeruhi tumbo na kulegeza chembe sahani zinazogandisha damu, na mwenye warfarini anaweza kuvuja damu hata kama INR yake, kipimo cha kuganda kwa damu, haikubadilika. Asipewe. Methotreksati (ya baridi yabisi au saratani) na lithiamu (ya magonjwa ya akili) hujikusanya kwa sababu diklofenaki hupunguza kazi ya figo. Zote mbili zinahitaji daktari aamue. Pombe inaongeza hatari kwa tumbo na kwa ini. Mitishamba haijapimwa, na mtu mwenye ALT iliyopanda (kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu kuonyesha ini linaumia) anayetumia mitishamba na diklofenaki aache vyote.

Watu huuliza kama kuna faida ya kupima vinasaba vya CYP2C9. Kwa diklofenaki, hapana. Watu wenye CYP2C9 dhaifu huivunja karibu sawa na wengine, kwa sababu zile njia nyingine zinachukua kazi. Mwongozo wa mwaka 2020 wa CPIC, kundi la kimataifa la wataalamu wa vinasaba na dawa, kuhusu vinasaba hivi unatoa ushauri wa dozi kwa ibuprofeni, selekoksibu, meloksikamu na piroksikamu, lakini hautoi kwa diklofenaki. Tena aina dhaifu zilizo nyingi Ulaya, *2 na *3, ni adimu kwa Waafrika, ambao wana zaidi *8, *5, *6 na *11, na kipimo cha bei rahisi kinaweza kuziruka hizo.

Cheti kimoja, hatua kwa hatua

Tuseme mzee wa miaka 62, kilo 58, yuko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Vifundo na magoti yanamuuma. Cheti kinasema: diklofenaki sindano 75 mg sasa, kisha vidonge 50 mg mara 3 kwa siku 10.

Chanzo cha maumivu ndicho cha kwanza. Pirazinamidi huzuia asidi ya uriki isitoke kwa figo, na maumivu ya viungo katika miezi 2 ya mwanzo ni jambo linalojulikana. Yatapungua pirazinamidi ikiisha. Pili, dozi ya leo ni 225 mg. Tatu, rifampisini itaivunja diklofenaki, na mzee atarudi siku ya tatu akitaka kali zaidi. Nne, kwenye ini lake tayari kuna dawa tatu zinazoweza kulijeruhi, na ALT ikipanda hakuna atakayejua ni ipi ya kusimamisha. Hilo la nne ndilo zito: kosa linaweza kumfanya asimamishiwe tiba ya kifua kikuu.

Mpigie mwandishi wa cheti. Usimrudishe mzee peke yake na karatasi. Pendekeza parasetamoli 1 g mara 3 kwa siku kwanza, pamoja na jeli kwenye magoti. Ikishindwa, miongozo ya kifua kikuu inaruhusu aspirini au dawa ya jamii ya ibuprofeni kwa maumivu haya. Ibuprofeni 400 mg mara 2 au 3 baada ya chakula, kwa siku 5, baada ya kuangalia kreatinini na kuuliza kuhusu tumbo, ina hatari ndogo zaidi kwa ini kuliko diklofenaki. ALT ipimwe leo, kabla ya chochote. Mweleze: "Mzee, macho yakigeuka njano au mkojo ukawa na rangi ya chai kavu, acha dawa ya maumivu na uje siku hiyohiyo. Za kifua usiziache mwenyewe, njoo tuamue."

Kufuatilia ini

Anayetumia siku 3 au 5 na asiye na ugonjwa wa ini hahitaji kipimo. Atakayetumia zaidi ya hapo, kwa mfano mwenye baridi yabisi, apimwe ALT kabla ya kuanza, tena ndani ya wiki 4 hadi 8, kisha mara kwa mara. Katika jaribio moja la wagonjwa 3,700 waliotumia diklofenaki kwa miezi 2 hadi 6, takriban asilimia 4 vimeng'enya vyao vya ini vilipanda zaidi ya mara 3 ya kawaida, na asilimia 1 hivi zaidi ya mara 8. Wengi hawakuwa wagonjwa sana, na hapo ndipo umuhimu wa kipimo ulipo, kwani kinatangulia dalili.

Kama maabara yako inaweka kikomo cha ALT kwenye 40, basi mara 3 ni 120. ALT iliyopita 40 lakini chini ya 120, bila dalili: rudia baada ya wiki 2, punguza dozi au hamia kwenye jeli. Ikibaki juu au ikizidi kupanda, simamisha. ALT juu ya 120: simamisha. ALT juu ya 120 pamoja na bilirubini (rangi inayofanya macho kuwa njano) zaidi ya mara 2 ya kawaida: simamisha na mpeleke hospitali leo, kwa sababu mchanganyiko huo ndio unaotangulia ini kushindwa kabisa. Dalili za kumfundisha mgonjwa ni uchovu usioeleweka, kichefuchefu, mwasho wa ngozi, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi, macho ya njano. Usisahau homa ya ini B na C kwenye vipimo: katika eneo letu zinaweza kuwa ndicho chanzo, diklofenaki ikilaumiwa bure, au vyote viwili vikawa pamoja.

Ini likiwa tayari lina ugonjwa, hali inashangaza kidogo. Mwenye homa ya ini sugu au makovu ya ini ambayo hayajamfanya avimbe tumbo huivunja diklofenaki karibu sawa na mtu mzima wa afya. Lakini kuivunja siyo sababu ya kumpa. Mwenye maji tumboni hutegemea prostaglandini, kemikali za mwili zinazotanua mishipa ya damu, ili figo zake zipate damu, na diklofenaki huzizima hizo prostaglandini. Na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo kimeenea, kuna watu wenye mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula bila wao kujua. Mtu wa huko mwenye bandama kubwa, au aliyewahi kutapika damu, asipewe diklofenaki hata kidonge kimoja. Atapewa parasetamoli isiyozidi 2 g kwa siku, na barua ya kwenda kupimwa.

Wengine wa kukataliwa moja kwa moja: mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyepata kiharusi, mwenye moyo uliochoka, mjamzito kuanzia wiki ya 20 bila maagizo ya daktari, na mwenye homa wakati dengi imeingia mjini, kwani anaweza kuvuja damu.

Mgonjwa aliyepata madhara ya ini kwa diklofenaki asirudishiwe tena maishani, hata kwa dozi ndogo. Andika kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, na peleka taarifa kwa mamlaka ya dawa, TMDA kwa Tanzania au Pharmacy and Poisons Board kwa Kenya. Kuwa mwangalifu na asiklofenaki, ambayo huuzwa kama dawa tofauti na laini zaidi: sehemu yake hugeuzwa kuwa diklofenaki mwilini, na CYP2C9 huivunja kwa njia inayofanana. Ikiwa kadi inakataza moja, inakataza na nyingine, na ziandikwe zote mbili kwa majina.